Minyoo ya safura Jinja na Mbale: Je, kidonge cha shuleni kinatosha?

Mara mbili kila mwaka, mwezi wa Aprili na mwezi wa Oktoba, watoto wa Jinja na Mbale, kama wenzao kote nchini Uganda, hupewa kidonge cha minyoo. Walengwa ni watoto wa umri wa mwaka 1 hadi miaka 14, na wengi wao hukimeza shuleni mbele ya mwalimu. Mpango huu umedumu kwa takriban miongo miwili na umezoeleka kiasi kwamba ni nadra kumsikia mtu akiuliza ni nani asiyekuwamo katika foleni ile.

Hayumo mama anayepalilia miwa bila viatu upande wa Kakira. Hayumo mvuvi wa Masese, wala kibarua anayelima mpunga na mboga katika bonde la mto Namatala kule Mbale, wala kijana wa miaka 16 aliyekwisha kuacha shule. Kwa aina nyingine za minyoo ya tumbo, pengo hilo lina athari ndogo, kwa kuwa watoto ndio wanaobeba mzigo mkubwa zaidi. Kwa minyoo ya safura mambo ni tofauti, na wakati huu ambapo fedha za wafadhili zinapungua, tofauti hiyo inastahili kuangaliwa upya.

Mnyoo unaonyonya damu

Wazee wa pwani waliujua ugonjwa huu kwa dalili zake kabla ya kuujua mnyoo wenyewe. Jina safura linahusishwa na neno la Kiarabu lenye maana ya rangi ya manjano, na mgonjwa wa safura alitambulika kwa kupauka, kuvimba miguu na kuishiwa nguvu. Leo tunafahamu kwamba chanzo chake ni minyoo midogo, yenye urefu wa takriban sentimita moja, inayojishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kufyonza damu.

Safari yake huanzia ardhini. Mayai hutoka na kinyesi cha mtu aliyeambukizwa, na yakikuta udongo wenye unyevu, joto na kivuli, huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Baada ya siku 5 hadi 10, viluwiluwi huwa tayari kuingia mwilini, na vinaweza kusubiri ardhini kwa wiki tatu au nne. Vikikanyagwa kwa mguu mtupu, hupenya ngozi, huingia katika mishipa ya damu na kufika mapafuni. Kutoka hapo hupanda hadi kooni, humezwa na mate, kisha huteremka tumboni na kukomaa. Mnyoo jike huweza kutaga maelfu ya mayai kwa siku, na wengi huishi mwaka mmoja au miwili, pengine zaidi.

Madhara yake yanaweza kueleweka kwa hesabu ya kawaida. Mnyoo mmoja wa aina iliyoenea zaidi barani Afrika hufyonza takriban mililita 0.03 za damu kwa siku. Ni kiasi kisichoonekana. Lakini mtu mwenye minyoo 100 hupoteza mililita 3 kwa siku, yaani zaidi ya lita moja kwa mwaka. Mwili wa mtu mzima una damu ya lita 5 hivi. Aliye na chakula cha kutosha chenye madini ya chuma anaweza kuifidia hasara hiyo kwa muda. Mama mjamzito, au mama anayenyonyesha huku chakula chake kikuu kikiwa ni muhogo na viazi, hana akiba ya namna hiyo.

Kisiwani Pemba, uchunguzi wa wanafunzi uliofanywa katika miaka ya 1990 ulikadiria kwamba minyoo ya safura ilihusika na robo ya visa vyote vya upungufu wa damu, na asilimia 73 ya visa vilivyokuwa vikali. Mashariki mwa Uganda chanzo si kimoja. Hospitali ya Rufaa ya Mbale ilikuwa miongoni mwa vituo vya utafiti mkubwa wa kuongezewa damu watoto wenye upungufu mkali, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019. Malaria na ugonjwa wa selimundu huwaelemea watoto wengi wa eneo hili. Safura huja juu ya hayo yote: hupunguza damu pole pole, na malaria inapobisha hodi humkuta mtu ambaye tayari amedhoofika.

Mzigo unaopanda na umri

Minyoo mikubwa ya mviringo hushambulia zaidi watoto, na idadi yake hupungua mtu anapokua. Minyoo ya safura hufuata njia nyingine. Idadi yake mwilini huanza kupanda utotoni na huendelea kuwa juu kwa watu wazima, kwa sababu mkulima au kibarua haachi kukanyaga udongo afikishapo miaka 15.

Ushahidi wa jambo hilo upo hapa hapa Uganda. Mjini Entebbe, katika utafiti ulioandikisha wajawazito wapatao 2,500 kati ya mwaka 2003 na 2005, karibu wanawake 45 kati ya kila 100 walikutwa na minyoo ya safura. Hao walikuwa watu wazima, wakazi wa mji na viunga vyake kando ya Ziwa Victoria, ziwa lile lile linaloosha kingo za Jinja. Nao Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya wanawake wa umri wa kuzaa nchini walikuwa na upungufu wa damu, na kwa watoto wa chini ya miaka mitano kiwango kilikuwa asilimia 53.

Kwa hiyo tunapomtibu mtoto peke yake, tunamrudisha katika ua ule ule, penye shamba lile lile na udongo ule ule unaopokea mayai mapya kutoka kwa watu wazima wa nyumbani. Uchambuzi uliokusanya tafiti za nchi mbalimbali ulionyesha kwamba miezi 12 baada ya matibabu, maambukizi ya safura hurejea na kupita nusu ya kiwango cha awali.

Tafiti za jirani zinasema nini?

Hakuna anayedai kwamba kidonge cha mtoto hakina faida. Mashariki mwa Uganda, watafiti walifuatilia watoto karibu 28,000 wa umri wa mwaka 1 hadi 7 katika parokia 48. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba watoto waliopewa dawa mara mbili kwa mwaka waliongezeka uzito kwa takriban asilimia 10 zaidi ya ilivyotarajiwa. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Busia nchini Kenya, Michael Kremer na Edward Miguel walieleza mwaka 2004 kwamba dawa za minyoo katika shule 75 zilipunguza utoro kwa karibu robo. Kremer alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019.

Kazi hizo zimepingwa pia. Wataalamu waliopitia tafiti nyingi kwa pamoja wamesema kwamba kuwapa dawa watoto wote, wenye minyoo na wasio nayo, hakuonyeshi wastani mkubwa wa mabadiliko katika ukuaji wala masomo. Mjadala huo bado unaendelea. Hata hivyo, unahusu hasa wastani wa manufaa kwa watoto wote. Kwamba mtu mwenye minyoo mingi ya safura hupoteza damu na kwamba dawa humsaidia, hilo halibishaniwi.

Swali la nani apewe dawa lilijibiwa kwa uwazi zaidi katika kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya. Mradi uliopewa jina la TUMIKIA, kifupi cha Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya, uligawa jumuiya 120 katika makundi matatu na kuzifuatilia kwa miaka miwili. Palipotibiwa watoto pekee mara moja kwa mwaka, maambukizi ya safura yalishuka kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8. Palipotibiwa watu wote, nyumba kwa nyumba, mara moja kwa mwaka, yalishuka kutoka asilimia 17.9 hadi 8.0. Na pale kila mtu alipotibiwa mara mbili kwa mwaka, kiwango kilishuka kutoka asilimia 20.6 hadi 4.8.

Kwale si Busoga. Udongo, mvua na desturi za kazi vinatofautiana. Lakini mnyoo ni ule ule, na somo lake linaeleweka: kijiji kizima kikimeza dawa, udongo nao hupata nafuu.

Fedha na vidonge

Kidonge chenyewe ni cha bei nafuu. Sehemu kubwa ya albendazole inayotumika katika kampeni hutolewa bure na kampuni ya dawa ya GSK, ila mpango wa minyoo ya tumbo umelenga zaidi watoto wa umri wa shule. Kumfikia mtu mzima kunahitaji dawa ya ziada, usafiri, daftari la majina na posho ya wahudumu wa afya wa vijiji, wale tunaowaita VHT.

Gharama hizo kwa muda mrefu zilibebwa kwa sehemu na wafadhili. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kunufaika na mpango wa Marekani wa magonjwa yaliyosahaulika, ulioanza mwaka 2006. Uingereza ilipunguza misaada yake kwa magonjwa hayo mwaka 2021. Mwezi Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na katikati ya mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Katika hali hii kishawishi ni kubaki na kile kilicho rahisi, yaani foleni ya shuleni. Ni uamuzi unaoeleweka kwa mhasibu, lakini kwa safura unaacha nje sehemu kubwa ya wagonjwa.

Ipo njia ya kati isiyohitaji kusubiri kampeni ya kijiji kizima. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa kwa wajawazito baada ya miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, katika maeneo ambako safura na upungufu wa damu vimeenea. Mama huyo tayari huja kliniki. Kinachotakiwa ni dawa iwepo siku anapofika, na iandikwe kwenye kadi yake.

Aina ya dawa nayo ina uzito. Tafiti zilizolinganishwa mwaka 2017 zilionyesha kwamba dozi moja ya albendazole huponya safura kwa watu karibu 80 kati ya 100, ilhali dozi moja ya mebendazole huponya theluthi moja tu. Na kwa wakazi wa kandokando ya ziwa, kama Masese, ni vyema kukumbuka kwamba hakuna hata moja kati ya dawa hizo mbili inayotibu kichocho. Kichocho kina dawa yake, prazikwanteli, na aliyepewa moja asidhani amepewa zote.

Choo, viatu na lugha

Marekani yenyewe iliwahi kuteswa na safura. Mwaka 1909 tajiri John D. Rockefeller alitoa dola milioni moja kupambana nayo katika majimbo ya kusini, ambako watoto wa shule karibu 4 kati ya kila 10 walikuwa na minyoo. Dawa zilianza kazi, lakini ugonjwa uliondoka kadiri vyoo, viatu na hali ya maisha vilivyoboreka, na hilo lilichukua miongo kadhaa.

Jinja na Mbale zilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020. Hadhi hiyo haijafuta shamba la miwa lisilo na choo cha vibarua, wala nyumba za kupanga ambazo familia nyingi hutumia choo kimoja cha shimo. Mafuriko ya Mbale ya mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika, yalikumbusha jinsi maji yanavyoweza kufika kila mahali, vyoo vikiwemo. Mwenye shamba anayedai kazi ya siku nzima kutoka kwa kibarua anaweza kudaiwa naye choo karibu na shamba na buti za mpira.

Suala la lugha pia si dogo. Mitaa kama Walukuba ilikua pamoja na viwanda vya Jinja, na ndani yake wanaishi watu waliotoka pande nyingi ambao Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Tangazo la kipaza sauti kwa Kisoga au Kiganda halimfikii kila mpangaji. Baraza la Mawaziri lilikubali mwezi Julai 2022 kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi, na tangazo la afya ni mahali pafaapo pa kulitimiza hilo.

Hadi hapo, msikilizaji anaweza kuchukua hatua chache. Mtu mzima anayelima au kufanya kazi pekupeku, anayechoka upesi, anayepauka viganja au kutamani kula udongo, aende kituo cha afya kupimwa kinyesi na damu. Mjamzito aulize dawa ya minyoo anapoingia mwezi wa nne. Na viongozi wa jiji wanapotangaza idadi ya watoto waliomeza dawa mwezi Oktoba, waulizwe pia ni watu wazima wangapi waliomeza.