Hofu Ihamie Langoni

Lipo kundi la watu katika vitongoji vya Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Tegeta mpaka Tandika na Mbagala, ambalo liliacha kwenda kutazama mpira uwanjani mwezi Machi 2020 na hadi leo halijarudi. Kundi hilo si la wahuni, wala si la watu wasioujua mpira. Wengi wao ni walimu, makarani, wauguzi na maofisa wa idara mbalimbali, watu ambao zamani walikuwa wakitoka kazini, wakakunja mikono ya mashati yao na kupanda daladala kwenda Chang'ombe. Wakiulizwa kwa nini hawaonekani tena, hujibu kwa neno moja: ugonjwa. Mwaka 2020 neno hilo lilikuwa hoja nzito. Leo limekuwa kisingizio, na ubaya wake ni kwamba linawaficha watu hatari ya kweli, ambayo haimo katika pumzi ya shabiki aliyeketi kando, bali iko langoni.

Hapana mtu mwenye akili timamu anayedai kwamba hofu ya 2020 ilikuwa ya kipuuzi. Tarehe 8 Machi mwaka huo Yanga iliifunga Simba bao 1-0 katika Uwanja wa Taifa, wilayani Temeke, mbele ya umati mkubwa. Siku 8 baadaye Waziri wa Afya, Ndugu Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini, na kesho yake Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, akasimamisha ligi na mikusanyiko mingine. Kule Italia, maelfu kwa maelfu ya wakazi wa Bergamo walikuwa wamesafiri hadi Milan tarehe 19 Februari kuitazama Atalanta ikicheza na Valencia. Wiki chache baadaye magari ya jeshi yalikuwa yakibeba majeneza ya mji huo usiku, na wataalamu wengi walihisi kwamba mechi ile ilikuwa na mchango wake. Mtu aliyebaki nyumbani siku zile alikuwa ametumia akili.

Ndipo kila nchi ilipoamua kwa namna yake. Kenya iliifunga ligi yake mwishoni mwa Aprili na kuipa Gor Mahia ubingwa. Uganda ilifanya hivyo hivyo mwezi Mei, ikawapa Vipers. Ujerumani ilirudisha mpira tarehe 16 Mei katika viwanja vitupu, hata sauti ya kocha akimkaripia beki wake ikasikika duniani kote. Tanzania ilichagua njia nyingine. Hayati Rais John Magufuli alitangaza kwamba michezo irudi tangu tarehe 1 Juni, ligi ikaanza tena katikati ya mwezi huo, na watazamaji wakaruhusiwa kuingia. Masharti yalitolewa: kunawa mikono, kuvaa barakoa, kuketi kwa nafasi. Kila aliyekuwapo anajua jinsi masharti hayo yalivyolegea kabla ya msimu kwisha. Tarehe 12 Julai, Simba ilipoichapa Yanga mabao 4-1 katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho, nafasi ya mita moja kati ya shabiki na shabiki ilikuwa imekwisha kuwa hadithi.

Haifai kujificha nyuma ya kumbukumbu iliyofifia. Takwimu za wagonjwa zilikuwa zimekoma kutangazwa tangu mapema Mei mwaka ule, kwa hiyo mwananchi aliachiwa aamue gizani. Mwalimu wa Mbagala mwenye mama mzee nyumbani, akiulizwa na watoto wake kama watakwenda uwanjani Jumamosi, hakuwa na tarakimu hata moja ya kumsaidia kujibu. Wengine walikwenda, wengine wakabaki, na wa kundi la kwanza hawana haki ya kuwacheka wa kundi la pili. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Februari 2021, alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kwamba ameugua ugonjwa huo. Siku 6 baadaye Simba iliifunga Al Ahly ya Misri bao 1-0 katika uwanja ule ule wa Temeke, ambao wakati huo ulikuwa umekwisha kupewa jina la Hayati Benjamin Mkapa, huku Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika, CAF, likiwa limeruhusu nusu tu ya watazamaji. Mwezi Machi Simba ilipocheza na Al-Merrikh ya Sudan, CAF haikuruhusu mtazamaji hata mmoja. Aliyebaki nyumbani bado alikuwa na hoja.

Lakini hoja hiyo ina umri wake. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe hadharani. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo si tena dharura ya dunia. Mgonjwa wa kifua, mzee au mjamzito anaweza kuwa na sababu zake hata leo, na sababu hizo ni kati yake na daktari wake. Ofisa mwenye afya njema anayepanda daladala iliyojaa kila asubuhi kutoka Tegeta hadi mjini, kisha akasema anaogopa kuketi kwenye jukwaa lenye upepo, huyo anadanganya, na anayemdanganya kwanza ni nafsi yake.

Na ajabu iliyo kubwa zaidi ni mahali alikokimbilia. Mwenye televisheni na king'amuzi nyumbani haidhuru. Walio wengi hawakukimbilia sebuleni. Walikimbilia kibanda umiza. Hakuna mtaa wa Mwananyamala, Tandale au Mtoni usiokuwa nacho: mabati juu, mabenchi ya mbao yaliyobanana, pazia jeusi dirishani ili picha ionekane vizuri, mlango mmoja, na feni moja inayozungusha pumzi ya watu 100. Kwa shilingi chache mtu hununua dakika 90 za kuvuta hewa iliyokwisha kutoka katika mapafu ya jirani zake. Mwalimu yeyote wa sayansi anafahamu kwamba maradhi ya njia ya hewa hupenda chumba kilichofungwa, hayapendi uwanda ulio wazi. Basi ni kwa hesabu gani mtu aukimbie uwanja kwa sababu ya ugonjwa, akajitie ndani ya kibanda? Na ugonjwa ukiwekwa kando, kibanda chenye mlango mmoja ni mtego. Siku ya Idd mwaka 2008 watoto wapatao 20 walikufa Tabora katika ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Serikali za mitaa ya Kinondoni na Temeke zinakumbuka tukio hilo? Ni vibanda vingapi vimepata kukaguliwa milango yake tangu wakati huo?

Sasa lije suala la lango, ambalo watu hawalijadili kwa sababu halina jina la kitabibu.

Tarehe 21 Machi 2021 wananchi walikusanyika kwa maelfu katika Uwanja wa Uhuru, Temeke, kumuaga Hayati Rais Magufuli. Polisi walitangaza baadaye kwamba watu 45 walikufa katika msongamano wa siku hiyo. Watu hao hawakwenda kushangilia timu. Walikwenda kwa majonzi na kwa heshima, wengine na watoto wao. Mwaka wote uliotangulia mijadala ya vijiweni na maofisini ilikuwa juu ya barakoa na maji ya kunawa, na huenda hapakuwa na mmoja katika mia aliyeuliza uwanja ule una milango mingapi, na ni mingapi itakayofunguliwa.

Tarehe 28 Mei 2023, siku 23 tu baada ya dunia kutangaziwa kwamba dharura imekwisha, Yanga ilicheza na USM Alger ya Algeria katika fainali ya kwanza ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Mwananchi mmoja alikufa na makumi walijeruhiwa katika msukumano wa kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa. Yanga ilifungwa mabao 2-1, na kwa siku nyingi zilizofuata mabao hayo yalijadiliwa kuliko yule aliyekufa. Hilo ni jambo la aibu.

Kamerun ilitoa somo lililo wazi zaidi. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa huko Januari 2022, mtazamaji alitakiwa kuonyesha cheti cha chanjo na majibu ya kipimo kabla ya kuruhusiwa kuingia. Ulinzi dhidi ya ugonjwa ulikuwa mkali kuliko mahali pengi duniani. Tarehe 24 Januari, katika uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, watu 8 walikufa nje ya mlango wa kusini wakati Kamerun ikicheza na Komoro. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alieleza kesho yake kwamba lango lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Watu wale walijilinda na kirusi wasichokiona, kisha wakauawa na chuma walichokuwa wakikiona.

Wapo watakaosema kwamba lawama ni ya mashabiki wakorofi, wanaofika wamechelewa, bila tiketi, wakitegemea mabavu. Wakorofi wapo, na yafaa washughulikiwe. Hata hivyo hoja hii hupendwa mno na wenye madaraka kwa sababu inawaondolea kazi ya kufikiri. Mwalimu wa darasa la sita na awape wanafunzi wake hesabu hii: mlango mmoja ukipitisha mtu mmoja kila sekunde 6, kwa saa moja hupitisha watu 600. Ikichukuliwa kwamba milango 40 iko wazi na yote inafanya kazi, saa moja hupitisha watu 24,000. Uwanja wa Mkapa una viti 60,000. Basi watu 40,000 wakifika katika saa ya mwisho, watu 16,000 watakuwa bado nje filimbi ikilia, wote na tiketi zao halali mfukoni. Milango ikiwa 20 badala ya 40, waliobaki nje ni 28,000. Hakuna mkorofi hata mmoja katika hesabu hiyo, na tayari kuna maafa. Aliye nyuma husukuma kwa sababu amesikia shangwe za bao. Hajui kwamba aliye mbele hana pa kuweka mguu. Ni elimu ndogo sana, na dunia imeilipia kwa damu: watu 97 Hillsborough, Uingereza, mwaka 1989, watu 126 Accra mwaka 2001, ambako polisi walifyatua mabomu ya machozi na umati ukakimbilia milango iliyofungwa.

Kwa hiyo uamuzi wa kurudi uwanjani una pande mbili. Upande wa mwananchi ni mwepesi. Anunue tiketi siku moja au mbili kabla, atoke mapema, aende mlango ulioandikwa kwenye tiketi yake, na akiona msongamano usio wa kawaida, arudi nyuma bila kuona haya. Anayeogopa umati aanze na mechi ndogo. Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni ina timu, KMC, na uwanja upo Mwenge. Ni watumishi wangapi wa manispaa hiyo waliowahi kwenda kuitazama? Huko hakuna msukumano. Mtu huketi atakapo, upepo ukimpiga, na anaporudi nyumbani ameona mpira wa watu walio hai, si vivuli ukutani.

Upande wa pili ni mzito, nao ni wa wenye viwanja na waandaaji. Mkoani sehemu kubwa ya viwanja ni mali ya Chama, kuanzia CCM Kirumba mpaka Sokoine, na haitakuwa haki kuwadai wa Temeke kitu ambacho Mwanza na Mbeya hawadaiwi. Ukaguzi wa tiketi ufanyike mbali na ukuta, ili asiye nayo asifike mlangoni kabisa. Milango ifunguliwe saa nyingi kabla ya mchezo. Idadi ya milango itakayokuwa wazi, na jina la ofisa mwenye ufunguo wa kila mmoja, vitangazwe kabla ya siku ya mechi. Uwanja ukijaa, redio na vipaza sauti viseme mapema, wakati watu bado wako Tazara na Mtoni, si wakati wameshafika ukutani.

Hayo yanawezekana. Mwezi Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN yaliyochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, mashabiki walipovuruga milango ya Kasarani mjini Nairobi, CAF ilipunguza idadi ya watazamaji wa uwanja huo na kuagiza kwamba tiketi za kielektroniki tu ndizo zikubaliwe. Kwa nini amri ya namna hiyo isubiri kutoka Cairo? Nchi hizo hizo tatu zilipewa na CAF, Septemba 2023, uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Wizara inayohusika na michezo, Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania na Jeshi la Polisi wameingia na kutoka katika Uwanja wa Mkapa tangu ulipofunguliwa mwaka 2007, na wanaifahamu milango yake. Na waitembelee tena pamoja, wakiwa na saa mkononi, wahesabu ni watu wangapi wanaopita kila mlango kwa dakika moja, kisha hesabu hiyo ibandikwe ukutani kwenye vituo vinavyouza tiketi, ili mwalimu wa Mbagala aisome kabla ya kutoa fedha yake.