Mgonjwa si Faili la Kusukumwa Ofisi hadi Ofisi

Wapo watumishi wa umma ambao, wakimwona mama amembeba mtoto mwenye mgongo wazi, humwonea huruma, humwandikia karatasi, kisha humwelekeza aende mlango mwingine. Huruma ya namna hiyo haimponyi mtu. Mama huyo hakwenda hospitali kuomba sadaka. Alikwenda kudai haki ya mtoto wake.

Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, hali ambayo mara nyingi hufuatana na kichwa kikubwa, hawezi kuhudumiwa na idara moja peke yake. Daktari wa upasuaji huuziba mgongo, na maji yakijaa kichwani huweka mpira wa kuyapitisha hadi tumboni. Mpira huo waweza kuziba wakati wowote, na mtoto asipowahishwa hospitali huharibika ubongo au hufa. Kwa wengi wao kibofu nacho hakijitoi chenyewe; lazima mkojo utolewe kwa mpira safi mara kadhaa kila siku, la sivyo figo huharibika. Mtoto huyo huyo anahitaji mazoezi ya viungo, pengine kiti cha magurudumu, na baadaye shule yenye choo anachoweza kukitumia.

Kila huduma kati ya hizo ina mlango wake, foleni yake na daftari lake. Je, ni nani anayeziunganisha? Jibu ni la aibu: ni mama mwenyewe. Yeye ndiye tarishi na ndiye kabati la mafaili, akibeba vyeti ndani ya mfuko wa plastiki na kusimulia historia ile ile kwa kila mganga mpya. Nauli ikimwishia, matibabu nayo yamekwisha. Wala hakuna anayeuliza kwa nini hakurudi.

Hali hiyo haiwezi kusingiziwa upungufu wa sheria. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwahesabu watoto, wazee na wenye ulemavu kuwa miongoni mwa wale wanaostahili kutegemea jasho la wenzao bila kuitwa wanyonyaji. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Na mwaka 2023 likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Lakini kadi ya bima haina miguu. Haiwezi kumfuata mtoto kijijini kumkumbusha tarehe ya kliniki.

Watetezi wa urasimu watadai kwamba Taifa halina fedha. Hoja hiyo ni dhaifu. Mpira wa kutolea mkojo ni wa bei ndogo. Kumsafisha damu mtu aliyeharibika figo ni mzigo wa maisha. Anayekataa kulipia cha kwanza amejichagulia kulipia cha pili, au amechagua kaburi.

Aidha, nchi hii imekwisha kuonyesha kwamba mipango inawezekana hata pasipo utajiri. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kujifunza na kuchimba vyoo. Kilichofanya kazi siku zile ni kila ngazi kujua wajibu wake.

Ngazi hizo zingalipo. Viongozi wa mashina wanajua ni nyumba ipi inayomficha mtoto mwenye ulemavu. Basi kila halmashauri impe mtumishi mmoja dhamana ya kuwafuatilia watoto hao kwa majina, tangu kuzaliwa hadi shuleni, naye aulizwe kila mmoja anapopotea. Pawepo daftari moja linalosomwa na zahanati, hospitali ya rufaa na ustawi wa jamii. Bima nayo ilipie mipira, viti vya magurudumu na mazoezi ya viungo kama inavyolipia dawa, maana mtoto anayepasuliwa kisha akaachwa ameokolewa nusu.

Kupanga ni kuchagua. Kiongozi asiyetaka kupanga jambo hili asijitetee kwa huruma. Ajibu hesabu ya watoto waliopotea kati ya mlango mmoja na mwingine.