FEDHA ZA REDIO NA SAUTI YA BETHEL

Tarehe 24 Julai 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi sheria ya kurudisha Hazina dola bilioni 9 ambazo Bunge lake lilikuwa limekwisha kuziidhinisha. Sehemu kubwa ilikuwa ya misaada ya nchi za nje, na habari za hiyo wasomaji wetu hawahitaji kuhadithiwa. Sehemu iliyobaki, dola bilioni 1.1, ilikuwa ya redio na televisheni za umma. Magazeti mengi ya dunia yalilieleza jambo hili la pili kuwa ni ugomvi wa wakubwa wa Washington, kisha yakaliacha. Sisi twaona kwamba habari yenyewe haiko Washington.

Iko, kwa mfano, katika mji wa Bethel, jimbo la Alaska, kando ya mto Kuskokwim. Ni mji wa watu wapatao elfu sita. Hakuna barabara iutokayo mji huo kwenda sehemu nyingine za jimbo. Watu husafiri kwa ndege, mizigo mizito hungoja matishari ya kiangazi, na wakati wa baridi kali mto huganda ukawa ndio barabara yenyewe. Wenyeji walio wengi, mjini na katika vijiji vya jirani, ni watu wa kabila la Yup'ik. Tangu mwaka 1971 mji huo una redio yake ya umma, KYUK, itangazayo kwa Kiingereza na kwa lugha ya wenyeji.

Ni mambo gani huzungumzwa huko? Huzungumzwa kama barafu ya mto yaweza kubeba gari wiki hii. Huzungumzwa uchaguzi wa baraza la mji na shida za shule. Zaidi ya yote huzungumzwa samaki. Samoni wa mto ule wamepungua sana, na kwa miaka kadhaa uvuvi umewekewa siku maalumu na mipaka mikali, hata kwa familia ambazo chakula chao cha mwaka mzima ni samaki waliokaushwa. Nani mwenye haki ya kusema leo nyavu zishushwe na kesho zipandishwe? Serikali kuu na serikali ya jimbo zilifikishana mahakamani juu ya swali hilo mwaka 2022.  Alichokuwa nacho mvuvi ni redio ya kwao, awezayo kumsikia afisa akiulizwa maswali kwa lugha ambayo bibi yake huielewa. Tena katika ghala ya redio ile zimo kanda za miaka mingi za wazee wakisimulia safari, vita, dawa na desturi. Wengi wa wazee hao wamekwisha kufariki, na kanda hizo ndizo kitabu chao.

Sasa tutazame kufuli lilivyofunguliwa, kwa maana hapo ndipo penye somo kwa mtu wa siasa. Sheria ya mwaka 1967, iliyotiwa sahihi na Rais Johnson, ilianzisha shirika la kupokea fedha za serikali na kuzigawa kwa vituo, nayo ilikataza serikali kuyaingilia yanayotangazwa. Mwaka 1975 Bunge liliongeza ulinzi mwingine: fedha ziwe zikiidhinishwa miaka miwili kabla, ili mtawala aliyekasirishwa na habari ya leo asiweze kulipiza kisasi kesho asubuhi. Lilikuwa wazo la busara. Lakini sheria nyingine iliruhusu fedha zilizoidhinishwa kufutwa kwa wingi mdogo tu wa kura, na njia hiyo ndiyo iliyotumika. Seneti ilipitisha kwa kura 51 dhidi ya 48. Baraza la Wawakilishi kwa 216 dhidi ya 213. Bibi Murkowski, seneta wa Alaska wa chama cha Rais mwenyewe, alikataa. Mwenzake wa jimbo hilohilo, Bwana Sullivan, alikubali.

Wenye kuunga mkono sheria hiyo walitoa hoja kwamba redio ya taifa ya umma ina upendeleo, na kwamba mlipa kodi asilazimishwe kugharamia maneno asiyoyapenda. Hoja hii si ya kupuuzwa, maana hata sisi hatupendi fedha za umma zitumike kumsemea mtu mmoja. Lakini zaidi ya asilimia 70 ya fedha za shirika lile zilikwenda kwa vituo vya mahali, ambavyo pamoja hufikia kiasi cha 1,500. Redio ya mji mkubwa ina wasikilizaji wenye uwezo na matajiri wa kuichangia. Redio ya Bethel ilikuwa ikitegemea fungu lile kwa sehemu kubwa ya matumizi yake, na msaada wa jimbo ulikuwa umekwisha kufutwa na Gavana mwaka 2019. Fahali waligombana Washington. Nyasi zilizoumia ziko Kuskokwim.

Haikupita hata miezi mitatu. Mwezi Oktoba 2025 mabaki ya tufani Halong yaliipiga pwani ile. Katika vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok maji yalizing'oa nyumba na kuzielea, na zaidi ya watu elfu moja walihamishwa, wengi wao kwa ndege hadi Anchorage. Siku zile KYUK ilikuwa hewani, ikitoa habari kwa lugha zote mbili. Januari 2026 bodi ya shirika la mwaka 1967 ilipiga kura ya kulivunja.

Wanachama na wafanyakazi wenzetu watauliza, haya yatuhusu nini? Mwaka 1973 Radio Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa ni yale mazungumzo yaliyofuata redio ikishazimwa, na vyoo vilivyochimbwa baada yake. Tuseme kweli, hata hivyo: Dar es Salaam ilisema, vijiji vikajibizana vyenyewe, na majibu yale machache tu yaliwahi kurudi studioni.

Redio za jamii, kama ile ya Orkonerei iliyoanza Terrat, Simanjiro, mwaka 2002, ziliigeuza njia hiyo, mfugaji naye akapata kusema. Lakini nyingi za redio hizi huishi kwa mafungu ya wafadhili na matangazo ya biashara. Mfadhili ana muda wake, na mwenye duka hatangazi pasipo na wanunuzi. Halmashauri zetu za wilaya zikutanapo kupanga makisio, fungu la barabara lipo na fungu la zahanati lipo. Twauliza ni diwani gani amekwisha kusimama akauliza habari za umeme wa mtambo wa redio ya wilaya yake, na kama akisimama, atataka fungu hilo lilindwe kwa kufuli la namna gani, hata yeye mwenyewe asiweze kulifungua siku redio hiyo itakapomsema.