Nyagah na Ustadi wa Kuondoka

Paris

Wazee wetu, kina mama na vijana wa Majengo, Embu,

Mwanamageuzi wa Thailand, Pridi Banomyong, alifia huku Ufaransa mwaka 1983. Alikuwa kati ya waliovunja utawala usio na mipaka wa mfalme mwaka 1932, akaasisi Chuo Kikuu cha Thammasat, akawa waziri mkuu mwaka 1946, kisha mapinduzi ya 1947 yakamtimua, naye akazeekea ugenini. Namtaja kwa sababu Jeremiah Nyagah, mbunge wetu wa miaka mingi, yalimkuta kinyume: mwaka 1992 aliacha siasa za uchaguzi kwa hiari, akarudi nyumbani, akaishi huko kama raia hadi alipofariki mwaka 2008. Huko kwetu akitajwa, swali huwa alituletea barabara ngapi. Mimi nasema kazi yake kubwa kuliko zote ni kule kuondoka.

Wapo watakaosema aliingia bungeni kwa mlango wa wakoloni. Kweli, uchaguzi wa 1958 uliomwingiza haukuwa wa kila mtu: kura zilitolewa kwa vigezo vya elimu na mali, mtu mmoja akiweza kupiga hadi tatu, na katika eneo letu, Mau Mau ikiwa bado jeraha bichi, ilibidi mpiga kura awe na cheti cha uaminifu kwa serikali. Wengi wa wazee wenu walifungiwa nje. Lakini Waafrika 14 waliochaguliwa kwa masharti hayo ndio waliokataa katiba iliyowaingiza na kudai kura moja kwa kila mtu; kiti hakikuwanyamazisha.

Pingamizi zito zaidi ni la baadaye. Nyagah alikaa serikalini chini ya Kenyatta na Moi, chama kimoja kikatawala, kura ya mlolongo ya 1988 ikapita, naye hakujitoa. Hilo simtetei. Tena miaka 34 bungeni si michache, na wanawe Norman na Joe walifuata njia hiyo hiyo. Hata hivyo, wao walisimama mbele ya wapiga kura, na kura ingeweza kuwakataa. Kiti hakikurithishwa kama shamba. Na yeye angeweza kung'ang'ania mwaka 1992, vyama vingi viliporudi na kila mzee akitafuta tiketi. Hao ndio wa kumlinganisha naye, si malaika.

Kwa hiyo mwaka 2027 wagombea wakifika Majengo, wakiisha kuahidi lami, waulizeni wataondoka lini.