Urithi wa Santuri za Melodica: Nani Atayaandika Maneno?

Wasomi wa Kiswahili wamekwisha kukubali kwamba utenzi uliohifadhiwa katika hati chakavu ni fasihi, na kwamba shairi la taarabu ni fasihi. Ajabu ni kwamba wimbo wa dansi wa Kiswahili uliotolewa kwenye santuri jijini Nairobi ungali unasubiri mlangoni. Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya urithi wa kampuni ndogo za santuri ni maneno, na kwamba maneno hayo yamo hatarini ilhali midundo imepata waokoaji.

Duka la Melodica, lililofunguliwa mwaka 1971 katika Mtaa wa Tom Mboya, ni mfano mwafaka. Halikuuza santuri za wengine tu. Lilitoa zake lenyewe, zikiwemo za Kijaluo, Kikuyu, Kikamba na Kiswahili. Chandarana mjini Kericho na Assanand mjini Mombasa walifanya vivyo hivyo. Kibarua wa Gatina, kule Kawangware, aliyetaka wimbo wa lugha yake au wa Kiswahili kinachowaunganisha majirani zake, aliupata kwa wafanyabiashara wa aina hii.

Umbo la bidhaa yao liliathiri utunzi. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika chache tu kila upande. Kwa hiyo nyimbo nyingi ziligawanywa: upande wa kwanza ukasimulia kisa, wa pili ukaachiwa magitaa yaongeze kasi. Mchezaji wa disko alingojea upande wa pili. Mhakiki wa fasihi anauhitaji wa kwanza, na huo ndio uliopuuzwa.

Mwaka 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa Kenya Special, wenye nyimbo za miaka ya 1970 na 1980. Ni kazi ya kupongezwa. Hata hivyo, maelezo yake ni ya Kiingereza. Je, ni haki mwanafunzi wa Kiswahili aelezwe wimbo wa jirani yake kwa lugha ya kigeni?

Wapo watakaodai kwamba nyimbo hizi zilikuwa za kuchezea tu. Dai hilo halina mashiko, kwani ngoma nazo huchezwa na bado tunazifundisha katika fasihi simulizi. Wengine watasema kwamba santuri yenyewe ni ushahidi tosha. La hasha! Hadi leo wapo wanaomtaja Fadhili William kuwa mtunzi wa “Malaika” na wapo wanaomtaja Adam Salim. Jina lililochapwa kwenye karatasi ya santuri halimalizi mjadala; linauanzisha.

Basi vyama vya Kiswahili vyuoni vichukue hatua. Santuri kuukuu zingali zinapatikana, kwa mfano katika Soko la Kenyatta, karibu na Kibera. Kila mwanachama apewe moja: anakili maneno, aandike jina la mtunzi na nambari ya santuri, kisha awaendee wazee wa Gatina na Kibera wamfafanulie misemo iliyofifia. Santuri iliyokwaruzika inaweza kusafishwa. Mzee aliyeielewa lugha yake akishaondoka, hakuna mtambo utakaomrejesha.