Kemia Isiishie Ubaoni

Mkulima wa Igurwa anayeanika buni uani pake anaijua kahawa kwa jicho, kwa pua na kwa mkono. Mwanawe anayesoma kemia chuo kikuu hufundishwa kwamba ndani ya buni ile mna kafeini, na kwamba molekuli moja ya kafeini ina atomu 24: kaboni 8, haidrojeni 10, naitrojeni 4 na oksijeni 2. Huyanakili hayo daftarini, akafaulu mtihani. Lakini je, ameiona molekuli yenyewe?

Hapo ndipo penye kasoro. Molekuli si mchoro bapa. Methani, ambayo ubaoni huonekana kama msalaba wenye pembe za nyuzi 90, kwa kweli ina pembe za nyuzi 109.5. Na umbo ndilo liamualo kazi. Kafeini humwondolea mnywaji usingizi kwa kuwa umbo lake lafanana na la adenosini, kemikali ya mwilini iletayo uchovu, hata ikakalia nafasi yake ubongoni. Jambo kama hilo halitoshi kukaririwa, linataka kuonwa.

Kompyuta huliwezesha. Mwanafunzi huijenga molekuli atomu kwa atomu, akaigeuza huku na huku na kupima pembe zake. Huu si mchezo: mwaka 2013 Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yao ya kuunda mifano ya kompyuta ya mifumo tata ya kemikali. Wala si anasa, kwani programu kama Avogadro na Jmol hutolewa bure.

Hatusemi kwamba maabara ifungwe. Aliyeliona umbo la kafeini kwenye kioo hana budi kuitenga pia kutoka katika kahawa kwa mikono yake mwenyewe. Tunalosema ni kwamba vyuo vyetu viviunganishe vyote viwili, hata kama wanafunzi wanne watashirikiana kompyuta moja.

Robusta, inayolimwa kwa wingi Karagwe na Kyerwa, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Hata hivyo sehemu kubwa ya kahawa yetu huuzwa nje ikiwa ghafi. Wataalamu wa kuibadili hali hiyo watatoka katika madarasa haya, na walimu wa sekondari za vijijini vilevile. Asiyeona hawezi kuonyesha.