Kanzu ziwe na rangi moja, nyuso zibaki kama zilivyoumbwa



Ndugu msomaji, wiki hii naanza na kosa langu mwenyewe. Kamati ya msikiti wetu hapa Kayanga iliazimia kuwatengenezea watoto wa madrasa vitambulisho, pamoja na ubao wa ukutani wenye picha za wanafunzi wote 64. Fundi wa picha alitaja bei yake. Mimi, katibu mwenye kulinda mfuko wa msikiti, nikasema kazi hiyo tutaifanya wenyewe. Niliazima kamera, nikatundika shuka jeupe barazani, nikaanza asubuhi jua likiwa wazi. Baada ya Adhuhuri wingu lilitanda, kisha mvua ikatuingiza ndani, tukamalizia darasani chini ya taa ya manjano.

Usiku nilizifungua picha katika kompyuta. Nilirekebisha ya kwanza hadi ikanipendeza, nikaiamuru programu izipe marekebisho yale yale picha 63 zilizobaki. Huko ndiko kuhariri kwa mkupuo. Natija yake ilikuwa aibu. Watoto wa asubuhi walikuwa sawa, wale wa wakati wa wingu wakawa na ubluu, na wa darasani wakawa rangi ya chungwa. Mapacha wawili, mmoja aliyepigwa kabla ya mvua na mwenziwe baada yake, hawakuonekana hata kuwa wa nyumba moja.

Hapo nikaongeza kosa la pili. Programu ile ilikuwa na kitufe cha kupendezesha sura. Nilikibonyeza kwa picha zote, nyuso zote zikang'aa na kulingana, nami nikamshukuru Mola kwamba kazi imekwisha.

Jumamosi nilizibandika. Binti mmoja wa miaka tisa, ambaye wazazi wake walihamia kwetu kutoka Nkwenda, wilayani Kyerwa, aliitazama picha yake kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ustadhi, hapa nimekuwa mweupe. Nimependeza." Mama yake alipokuja kumchukua, alipitisha macho ubaoni mara mbili, akaniuliza kwa upole, "Ustadhi, wangu hukumpiga?"

Mzazi hakumtambua mwanawe, na mtoto alijifunza kwangu kuwa uzuri ni kuacha kuwa yeye. Kila Alkhamisi nasomesha katika madrasa hiyo hiyo kwamba aya ya 22 ya Surat Ar-Rum imeitaja tofauti ya lugha zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu (SW). Nilikuwa nimeifuta ishara hiyo kwa kitufe kimoja.

Nilikwenda Omurushaka kwa fundi yule yule niliyemkatalia bei yake. Alicheka kidogo, akaniketisha, akaniuliza swali moja: "Ustadhi, ulitaka kitu gani kilingane?" Nikajibu, "Picha." Akasema, "Hapana. Kanzu na shungi ndizo zilingane, kwa kuwa ni kitambaa kimoja. Nyuso hazikuwa sawa tangu awali." Hilo, ndugu msomaji, ndilo somo lote, na yafuatayo ni ufafanuzi wake.

Rangi tunayoiona hutegemea nuru inayokiangukia kitu. Ibn al-Haytham alilieleza jambo hili katika Kitab al-Manazir mwanzoni mwa karne ya 11. Mafundi wa leo huipima rangi ya nuru kwa kelvini. Taa ya manjano ya nyumbani huwa na takriban 2,700, jua la mchana takriban 5,500, na kivuli cha siku yenye jua chaweza kufika 7,000 na zaidi. Jicho la mwanadamu huzoea mabadiliko hayo bila sisi kujua, bali kamera huyaandika kama yalivyo. Aidha, nuru hubeba rangi ya kilichoirudisha. Baraza iliyozungukwa na migomba hutia ukijani mashavuni, na udongo wetu mwekundu wa Karagwe hutia wekundu chini ya kidevu.

Basi jambo la kwanza ni kuifanya nuru iwe moja. Chagua mahali pamoja, muda mmoja na ukuta mmoja usio na rangi kali. Usichanganye dirisha na taa. Ukilazimika kutumia taa za umeme, fahamu kuwa nyingi hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde. Kamera ikifunga haraka mno, picha moja hutoka na rangi hii na ya pili na rangi ile. Kasi ya 1/50 au 1/100 ya sekunde huondoa tatizo hilo.

La pili, usiiachie kamera iamue yenyewe. Ikiwa kwenye hali ya kujiendesha, hupiga hesabu upya kwa kila mtoto. Kanzu nyeupe huifanya idhani mwanga ni mwingi, ikafifiza uso. Buibui jeusi huifanya ikafanya kinyume. Panga mwanga na mizani ya weupe kwa mkono mara moja, usiviguse hadi mtoto wa mwisho. Kama kamera yaweza kuhifadhi faili ghafi badala ya JPEG, chagua hiyo, kwa kuwa hustahimili marekebisho zaidi.

La tatu, tumia kipimo kisichopendelea. Mtoto wa kwanza ashike kadi ya kijivu, ile inayorudisha asilimia 18 ya mwanga, apigwe picha moja. Nuru ikibadilika, kadi ishikwe tena. Kanzu haitoshi kuwa kipimo, maana kuukuu huwa na umanjano na iliyofuliwa kwa bluu huelekea ubluu. Kwenye kompyuta, sahihisha rangi kwa kugusa ile kadi, kisha peleka marekebisho kwa picha za kundi hilo tu. Nami nilikuwa na makundi matatu ya nuru, nikayapa dawa moja.

La nne, chapisha picha mbili au tatu za majaribio kabla ya zote, na uzitazame mchana nje. Kioo cha kompyuta kilichoongezwa mwanga kupita kiasi hudanganya.

Nikamuuliza fundi kwa nini kipimo kisiwe uso mzuri wa mtu. Historia ya kazi yake ina jibu. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilisambaza kwa maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe, na mafundi wakaiita Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mtambo ulihesabiwa kuwa sawa, na nyuso nyeusi zikatoka bila mapambanuo. Malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi zao za kahawia zitofautiane, ni miongoni mwa yaliyosukuma filamu kuboreshwa. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Ukifanya uso mmoja kuwa mizani, nyuso nyingine zote zitahesabiwa kuwa na kasoro.

Tulizirudia picha zote 64 asubuhi moja, kwa kadi ya kijivu, na fundi akalipwa haki yake. Kanzu sasa zina weupe mmoja ubaoni, na mama yule aliiona picha ya mwanawe kabla hajafika karibu. Lakini binti aliniuliza, "Ile nyingine iko wapi?" Nikamwambia nimeifuta kwa sababu haikuwa yeye. Alinyamaza.

Ukimya ule haurekebishwi na kamera. Wazazi wenzangu, simu zetu nyingi zina kitufe kile, na watoto hutuona tukikibonyeza siku za Idi na za harusi. Kizimeni, kisha mwambieni mtoto kwa ulimi wenu kwamba amependeza kama alivyo.

Wabillahi tawfiq.